Jina Lako Limeandikwa Wapi? Mjadala wa Bunia kuhusu bima ya safari za majini

Binti wa familia moja ya Mudzipela, muuguzi anayeishi Brussels, amerudi Bunia likizo akiwa na mipango miwili kwa ajili ya wazazi wake. Wa kwanza ni wa mwezi huu: washuke mteremko wa Bogoro hadi Kasenyi, wavuke Ziwa Albert mpaka Ntoroko upande wa Uganda, kisha waende kwa gari hadi Murchison Falls wakapande boti ya watalii ya Paraa, ile inayopanda Mto Nile hadi chini ya maporomoko. Wa pili ni wa mwakani: wazazi wamfuate Ulaya, wapande meli ya matembezi katika Mto Rhine. Safari zote mbili atazilipia yeye, pamoja na bima. Lililobaki ni kuchagua bima gani, ya kampuni gani, na inayolipa nini.

Jambo lililoonekana la dakika tano limegeuka mjadala wa jioni nzima. Wasemaji wake wametungwa, ndiyo maana wanaitwa kwa kazi zao tu. Ajali, sheria na tarehe wanazozitaja ni za kweli.

Wa kwanza kupinga ni shangazi wa binti, mama anayefanya biashara ya makayabo, samaki wa chumvi, kati ya Kasenyi na soko la Bunia.

"Asiransi ya nini, mwanangu? Sisi tuna likirimba, chama chetu cha kuchanga. Mwenzetu akifiwa leo, kesho asubuhi pesa ya sanduku na ya chakula cha msiba iko mezani. Hakuna fomu, hakuna Kinshasa. Hiyo asiransi mimi naijua kwa magari: karatasi ya kumwonyesha polisi."

Wakala wa bima aliyealikwa hakasiriki. Anakiri kwamba wengi wa Ituri wanaijua bima kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu ya gari ndiyo iliyolazimishwa na sheria tangu Januari 1973. Tena kwa karibu miaka 50 mtu hakuwa na pa kuchagua: SONAS, iliyoundwa 1966, ndiyo iliyokuwa peke yake nchini. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko. Mamlaka ya udhibiti, ARCA, ikaundwa, na mwaka 2019 kampuni binafsi za kwanza zikapata leseni. "Kwa hiyo Mama, leo unaweza kuuliza bei kwa huyu, ukaenda kwa yule. Zamani swali lenyewe halikuwepo."

"Kuuliza bei siyo kulipwa," Mama anajibu.

Hapo mwanasheria, ambaye wote wanamwita Metre, anaomba kwanza vitu viwili visichanganywe. Kuna bima ya mwenye chombo, inayolipa pale yeye anapokuwa na dhima: amejaza kupita kiasi, ameondoka usiku, injini ilikuwa mbovu naye akijua. Hiyo huinunua mwenye boti, na abiria hunufaika nayo akishathibitisha kosa. Na kuna bima ya msafiri mwenyewe, anayoinunua kwa jina lake, inayolipa matibabu, kusafirishwa kwa mgonjwa, kuvunjika kwa safari, au fidia kwa familia akifa, bila kungoja ijulikane nani mwenye makosa. "Mnaposema asiransi ya boti, mnasema ipi? Maana ukinunua moja ukidhani umenunua zote mbili, utajua tofauti yake siku mbaya."

Swali hili ndilo lililostahili kuulizwa kabla ya yote, na ni wachache wanaoliuliza. Msafiri wa Ziwa Albert anapolipa nauli ufukweni, hapewi chochote kinachomwambia kama chombo kina bima, wala yeye haulizi.

Kapiteni, mwenye mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini, anaona macho yote yamemgeukia. "Mimi nimelipa kodi ya ufukwe, nimelipa mafuta, nimelipa vijana wa kubeba. Kampuni gani itakuja kuandika bima ya mbao zangu? Na mafuta yakipanda, abiria hakubali nauli ipande. Jile za kuokolea maisha ninazo. Lakini abiria anaikataa, anasema inanuka samaki, anaikalia."

Kuhusu jile, hana pa kujitetea sana. Aprili 2019, baada ya ajali ya boti katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi alitamka kwamba kila abiria wa majini lazima aivae. Wakala anaongeza kwamba kampuni makini huweka sharti hilo katika mkataba. Metre anataka kujua: abiria akikutwa hakuivaa, familia yake inanyimwa? Wakala anasema inategemea maneno ya mkataba. Binti anaandika swali hilo kwenye simu yake. Ni la kwanza katika orodha itakayokuwa ndefu.

Kisha wakala anaomba kuona orodha ya abiria.

Kapiteni anatoa daftari la shule kutoka mfuko wa plastiki. Kurasa zimevimba kwa maji, wino umesambaa pembeni. Safari ya mwisho imeandikwa hivi: "Pasta na mke", "Mama wa makayabo, mizigo 4", "Kijana wa Ariwara", "Mwanajeshi", "Wanafunzi", bila kusema wangapi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa, kwa sababu mtoto wa mgongoni halipi nauli. Mama anajitambua katika mstari wa pili. Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Kwa hiyo siku ile ningezama, ningekuwa Mama wa makayabo?"

Wakala anarudisha daftari kwa mikono miwili. "Mama, kampuni haiwezi kumlipa mtu asiyejulikana kwamba alikuwa ndani."

Mjadala ungeweza kuendelea na mambo ya bei, lakini hapa ndipo penye uzito, na inafaa kukaa hapa. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyojaa wakimbizi wa Kongo ilizama katika Ziwa Albert hili hili. Walikuwa wametoka kambi ya Kyangwali, wilaya ya Hoima nchini Uganda, wakirudi nyumbani kwa hiari yao. Miili iliyopatikana siku za mwanzo ilikuwa ya mia na kitu. Baadaye serikali ya Kinshasa ikatangaza vifo 251. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo kubwa, na pengo la namna hiyo huzibwa na karatasi iliyobaki nchi kavu ikisema nani alipanda.

Ziwa Kivu, tarehe 3 Oktoba 2024: MV Merdi, iliyotoka Minova, inapinduka mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alisema siku ile kwamba abiria walikuwa 278 na waliokufa 78, lakini hesabu ikawa ya kubishaniwa siku nyingi. Na Kapiteni asidhani haya ni ya Kongo pekee. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Walikufa 228, na waliookolewa walikuwa 41. Serikali yenyewe ilijua idadi ya waliopanda kwa kuhesabu miili na manusura.

Binti analeta mfano wa upande wa pili, na ni mfano wa mto aliotaka kuwapeleka wazazi wake miaka ya nyuma. Usiku wa tarehe 29 Mei 2019, mjini Budapest, boti ndogo ya watalii iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa ya matembezi, Viking Sigyn, katika Mto Danube. Ilizama mara moja. Waliokuwemo walikuwa 35, wageni 33 kutoka Korea Kusini na mabaharia 2 wa Hungaria. Waliookoka ni 7 tu.

"Unaona?" anasema Mama. "Hata kwa wazungu maji yanaua."

"Yanaua, shangazi. Lakini usiku ule ule walijua ni 35. Walijua majina. Serikali ya Korea ikatuma waokoaji wake wawatafute watu wake mmoja mmoja. Hakuna familia iliyoambiwa ilete shahidi kwamba mtoto wao alipanda boti."

Metre anaeleza kinachofuata pale orodha inapokosekana. Mwili usipopatikana, Sheria ya Familia ya 1987 inairuhusu mahakama kutamka kwamba mtu amekufa. Familia ikipata hukumu hiyo, inaweza kurithi, mjane anaweza kuendelea na maisha yake, na bima inaweza kudaiwa. Lakini mahakama inataka kuthibitishiwa kwamba mtu huyo alikuwa katika tukio lile. Shahidi wa ufukweni ametawanyika, nahodha pengine naye amezama, daftari limezama pamoja naye. "Ndiyo maana nasema orodha isipande boti. Nakala moja ibaki nchi kavu."

Kapiteni ana sababu ya kutoandika, na anaisema bila kujificha. Mwanzoni mwa 2018, vita vya Djugu vilipochacha, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa hili wakikimbilia Hoima. Wengine waliondokea Tchomia usiku, wakiwa na godoro kichwani. "Nani angemwambia mtu anayekimbia panga: subiri, taja jina lako na la baba yako? Tangu hapo desturi imekuwa ni kupanda tu."

Jibu lake ni la haki, na hakuna anayelibeza. Ila miaka imepita, na abiria wengi wa siku za kawaida ni wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa wanaofuata matibabu Uganda. Watu hao wana muda wa kutaja majina.

Inasahaulika pia kwamba ziwa hili liliwahi kuwa na meli ya abiria yenye tiketi. Kuanzia 1930, meli ya mvuke Robert Coryndon, ya reli ya Kenya na Uganda, ilikuwa ikitoka Butiaba kuja Kasenyi, ikiwaleta watalii waliokuwa wakielekea Irumu na Stanleyville. Mafuriko ya miaka ya 1960 yaliimaliza Butiaba na meli yenyewe. Bandari ya Kasenyi ilishajua, kabla ya babu za vijana wa leo kuoa, namna ya kumkabidhi msafiri tiketi yake.

Sasa binti anafungua mkataba wa bima ya safari aliyoinunua Brussels. Anausoma ukurasa wa mambo yasiyolipwa, ule ambao watu huuruka. Vita, ghasia za raia, vitendo vya makundi yenye silaha: havilipwi. Kusafiri katika eneo ambalo serikali imeshauri raia wake wasiende: hakulipwi. Uingereza, kwa mfano, inawashauri raia wake wasikanyage Ituri kabisa, na Ituri yenyewe iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Anainua macho. "Kwa hiyo bima yangu imekufa nilipotua uwanja wa Murongo?"

Wakala anasema ndivyo inavyoelekea, mpaka kampuni yake imwandikie vinginevyo. Hata akivunjika mguu kwa kuteleza ufukweni, jambo lisilohusiana na vita hata kidogo, kampuni nyingi zitashika kifungu cha eneo lililokatazwa. Anamshauri asiridhike na jibu la simu. Aulize kwa maandishi, ataje Bunia, ataje Kasenyi, ataje ziwa na Ntoroko, na jibu alihifadhi.

Metre anataka kulisukuma mbele suala la vita. MV Merdi ilijaza kwa sababu gani? Kwa sababu barabara ya Goma kwenda Minova ilikuwa imefungwa na vita vya M23, watu wote wakahamia majini. "Wewe wakala, hiyo utaiita ajali au utaiita vita?"

"Ni kujaza kupita kiasi. Ni ajali."

"Bosi wako wa Kinshasa naye ataiita hivyo?"

Wakala ananyamaza kidogo. Kisha anasema jambo ambalo wauzaji wengi wa bima hawalisemi: kwamba mteja wa mashariki ya Kongo asikubali neno "vita" peke yake katika mkataba. Adai iandikwe kwamba kinachoondolewa ni madhara yaliyosababishwa na mapigano moja kwa moja. Bila hivyo, kila kifo cha Ituri kinaweza kusukumiwa kwenye vita. Huyu ni mtu wa kununua bima kwake.

Safari ya Rhine ni nyepesi zaidi, na inachukua muda mfupi. Viza ya Schengen haitolewi bila bima ya safari yenye kikomo kisichopungua euro 30,000, inayolipa matibabu ya dharura, hospitali, na kurudishwa nyumbani, akiwa mgonjwa au maiti. Familia nyingi za Bunia zenye watoto Ulaya zimeshailipa. Lakini bima hiyo ni ya mwili wa msafiri. Mto ukikauka, hailipi. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, mahali pembamba pa Rhine, kilishuka hadi sentimeta 25, na ukame ukarudi 2022. Katika misimu kama hiyo meli husimama, na watalii waliolipia chumba kinachoelea humalizia safari kwa basi. Anayetaka kurudishiwa pesa zake anunue kifungu cha kuvunjika au kubadilishwa kwa safari, tena akisome, kwa kuwa kampuni nyingine hulipa safari ikifutwa na hazilipi ikigeuzwa ya barabarani.

Baba, aliyekuwa kimya jioni yote, anauliza kama ni lazima kuandika kwenye fomu kwamba anameza dawa za presha. Afadhali asiandike, bei isipande.

Binti anamkatiza kwa sauti ambayo mtoto haitumii kwa baba yake mara nyingi. "Andika, Papa. Mimi niko hospitalini kila siku. Ukianguka ndani ya meli, daktari ataandika presha, kampuni itaomba faili lako, na itasema ulificha. Bili ya siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi itauza nyumba hii." Baba aangalie pia umri: mikataba mingine hupunguza malipo au hukataa kabisa wazee wa umri fulani, na hilo huandikwa kwa herufi ndogo.

Baba anakubali kuandika.

Mama wa makayabo amekuwa akisikiliza huku ameshika begi lake. Sasa anatoa daftari la pili la jioni hii, la likirimba yake. Lina jalada gumu. Kila mwanachama ana ukurasa wake: majina matatu, mtaa, namba ya simu, jina la mume au la mtoto mkubwa, na nani apewe pesa yeye akifa. Kila malipo yana sahihi. Wanachama karibu wote huvuka ziwa.

Metre analifunua polepole. Anamwonyesha wakala. Vyote ambavyo kampuni inavitaka na ambavyo Kapiteni hana, vimo humu: nani ni nani, na nani wa kulipwa. Kuna bima za kundi ambazo chama huzinunua kwa ajili ya wanachama wake wote, na kinachohitajika ni rejesta inayoaminika. Likirimba ya akina mama wa samaki inayo, na imeitunza bila kuambiwa na mtu.

Mwandishi wa makala haya anaona hapa ndipo bima ya majini inapoweza kuota mizizi Ituri. Kampuni ikija na matangazo ya msafiri mmoja mmoja, itawauzia wafanyakazi wachache wa mashirika na watoto wa Ulaya. Ikija kwa akina mama hawa, itakuta watu wanaovuka kila wiki, wanaojuana, wanaoweka akiba, na ambao tayari wameandika majina ya warithi wao. Na likirimba haitakufa kwa hilo: yenyewe italipa sanduku kesho asubuhi, kampuni italipa ada ya shule ya watoto wa marehemu, mzigo ambao hakuna likirimba inayoweza kuubeba peke yake boti nzima ya wanachama ikizama siku moja. Mama mwenyewe ndiye anayelisema hili la mwisho. "Tukizama kumi pamoja, nani atabaki kuchanga?"

Kapiteni bado hajaridhika. Orodha ikibaki nchi kavu, ibaki kwa nani? Akiiacha kwa maofisa wa ufukwe, kila jina litageuka kodi. Na orodha ikionyesha watu wengi kuliko wanaoruhusiwa, ajali ikitokea, itampeleka jela. Metre anamwambia wazi kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba kampuni itakayompa bima itamtaka apunguze abiria kabla ya kumpa karatasi. Kapiteni anapiga hesabu ya mafuta kwa vidole na kutikisa kichwa. Nauli haitatosha, labda akina mama wakubali kuongeza. Mama anasema wataongeza kama kila mmoja ataandikwa jina lake kamili na kupewa jile isiyokatika kamba.

Nakala ya orodha, wanakubaliana kwa majaribio, itabaki kwa katibu wa likirimba, Kasenyi, na picha yake itatumwa kwa simu kwa katibu wa Bunia kabla injini haijawashwa. Watoto wa mgongoni wataandikwa pia.

Bima ya Rhine italipwa mwakani, pamoja na kifungu cha safari kubadilishwa, presha ikiwa imeandikwa. Ya kuvuka kwenda Ntoroko bado haijanunuliwa. Wakala ameondoka na maswali manne ya binti, akitakiwa kuyajibu kwa karatasi yenye muhuri: kama malipo yanaanzia Kasenyi na kuendelea baada ya mpaka wa Uganda katikati ya ziwa, vita maana yake nini ndani ya mkataba, asiyevaa jile anapoteza nini, na mwili usipopatikana, kampuni itakubali ushahidi gani, na kwa muda gani. Wazazi wamesema hawashuki Bogoro kabla ya karatasi hiyo kufika.